Ohio: Bunge liliunda mtetezi wa walipa bili 1976, halafu likamkataza kupokea simu za malalamiko. Ilikuwaje?

#1 JiraniWaScioto
Wakuu, salaam.

Niko Columbus, Ohio. Nyuma ya bili ya umeme, chini kabisa, kwa herufi za kusomea na miwani, kuna sentensi inayosema Ohio Consumers' Counsel (watu huiita OCC) inawawakilisha wateja wa majumbani mbele ya PUCO, ile tume ya jimbo inayopitisha bei za umeme na gesi. Miaka yote bili naitazama mbele tu, pale kwenye jumla. Juzi nikaigeuza, nikasoma, udadisi ukanipeleka mpaka kwenye sheria yenyewe, sura ya 4911 ya sheria za Ohio.

Kifungu 4911.02 kinampa mtetezi meno: anaweza kuingia kwenye kesi za bei, kwenda mahakamani, kwenda hata kwenye vyombo vya shirikisho. Nikasema safi. Nikashuka kidogo nikakuta 4911.021, kifungu kifupi kuliko hata ujumbe wa simu. Kinasema mtetezi asiendeshe kituo cha simu cha malalamiko ya wateja. Na simu ya malalamiko ikimwingilia, aipeleke kwenye kituo cha simu cha PUCO.

Yaani mtetezi wangu haruhusiwi kunisikiliza, anatakiwa anikabidhi kwa yule anayeamua kesi. Nani anajua hili lilifikaje kwenye sheria? Wajuzi njooni. Wasiojua njooni pia, mtuchangamshe.

#2 Mchokozi_Halali
Nimekaa paleee, kahawa na kashata mkononi.

Ila mkuu, hiyo ni kama kuajiri mlinzi wa usiku halafu unamwambia mbwa wakibweka asitoke, ampigie simu jirani anayemshuku.

#3 Wakili_wa_Kibarazani
Mleta mada umegusa sura ninayoipenda. Twende kwa mpangilio kabla watu hawajaanza kurusha maneno.

OCC iliundwa na Bunge la Ohio mwaka 1976. Kumbuka hali ya wakati ule: baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973 gharama za nishati zilipaa, na kampuni za umeme na gesi zikawa hazitoki mlangoni kwa tume kuomba nyongeza. Kesi ya bei si maandamano. Ni makaratasi, mahesabu ya mtaji, faida inayoruhusiwa, uchakavu wa mitambo. Kampuni inakuja na mawakili, wahasibu na wahandisi. Viwanda vikubwa vinakuja na mawakili wao. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu anakuja na bili yake na hasira zake. Pengo hilo ndilo majimbo mengi yalilojaribu kuliziba miaka ile. New Jersey na Florida 1974, Pennsylvania 1976 sawa na Ohio. Ohio ni miongoni mwa waasisi.

Muundo wake umekaa kijanja. Kuna bodi ya watu 9: watatu upande wa vyama vya wafanyakazi, watatu wakulima wa familia, watatu wateja wa majumbani. Wanateuliwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Seneti inawathibitisha, na wasizidi watano wa chama kimoja. Bodi ndiyo inayomwajiri mtetezi. Gavana hana mkono wa moja kwa moja. Wa kwanza kukalia kiti, William Spratley, alianza 1977 akakaa hadi 1993. Magavana walikuja wakaondoka yeye yupo.

Kwa hiyo kifungu unachokilalamikia hakikuwamo siku ya kuzaliwa. Tazama hata namba yake: .021 imechomekwa katikati ya .02 na .03. Ni kiraka.

#4 Dogo_Cleveland
1976? Mimi nilidhani hii ofisi ililetwa baada ya ule mkasa wa rushwa wa HB 6.

#5 Wakili_wa_Kibarazani
Dogo, HB 6 ni muswada wa 2019. OCC ilikuwa na miaka zaidi ya arobaini na ilisimama kuupinga. Tutafika huko, usiruke kurasa.

#6 BintiWaChesapeake
#3 umeeleza vizuri lakini hilo la "waasisi" hapana. Maryland tuna Office of People's Counsel tangu 1924. Ndiyo kongwe kuliko zote Marekani kwa kazi hii. Ohio walikuja nusu karne baadaye, wasitupore.

#7 Mchokozi_Halali
Baltimore imeingia uwanjani 🔥 Wakili kimyaaa.

#8 Wakili_wa_Kibarazani
Haya, Maryland ni bibi, Ohio ni mjukuu. Tuendelee.

#9 Mzee_Kumbukumbu
Habari zenu vijana. Nilikuja Ohio kusoma, nikazeekea huku. Naongeza kitu ambacho wengi hawakitaji.

Mwaka huohuo wa 1976, kwenye kura ya Novemba, wananchi wa Ohio waliletewa mapendekezo kadhaa ya kura ya maoni. Moja lilitaka umeme wa nafuu kwa matumizi ya mwanzo ya kila nyumba. Jingine lilihusu usalama wa mitambo ya nyuklia. Na moja lilitaka kuundwe chama cha wateja wenyewe, kinachoendeshwa na walipa bili wa majumbani, si ofisi ya serikali. Yote yaliangushwa, tena si kwa tofauti ndogo.

Sasa unganisha. Nje kulikuwa na watu wanakusanya saini ili wateja wawe na chombo chao wenyewe. Ndani ya Bunge ikapita sheria ya kuunda ofisi ya serikali yenye kazi inayofanana. Mimi huwa naamini Bunge liliwahi makusudi ili ile hoja ya mtaani ipoe. Ofisi ambayo Bunge limeizaa, Bunge linaweza kuipunguzia chakula. Chama cha wananchi lisingekiweza kirahisi hivyo. Kiraka cha mleta mada, kwangu mimi, mbegu yake ni hapo.

#10 Hesabu_Kavu
Mzee #9, heshima yako, ila hiyo ni dhana, si historia. Vitu viwili kutokea mwaka mmoja si ushahidi kwamba kimoja kilizaa kingine. Majimbo ambayo hayakuwa na kura ya maoni ya namna hiyo nayo yaliunda watetezi miaka hiyohiyo.

Kuhusu simu, kuna maelezo yasiyo na njama. PUCO ina kituo chake cha simu. Inapokea malalamiko, ina wachunguzi, ina mamlaka ya kuiambia kampuni ijibu. Kama OCC nayo ina kituo, mteja mmoja anapiga sehemu mbili, watu wawili wanafungua faili moja, na gharama zote mbili zinatoka kwa mlipa bili huyohuyo, kwa sababu OCC na PUCO zote zinaendeshwa kwa tozo wanayokatwa makampuni kulingana na mapato yao ndani ya jimbo, na kampuni haitoi mfukoni mwake. Mbunge yeyote anayetafuta pa kubana bajeti ataona pale pana kazi inayofanywa mara mbili.

#11 JiraniWaScioto
Hesabu_Kavu nakuelewa, lakini simu ya mteja si huduma tu, ni habari. Watu mia wakipiga wiki moja wakisema wameandikishwa kwa muuzaji wa gesi wasiyemjua, mtetezi anajua kuna moto wapi kabla haujafika kwenye takwimu. Ukimkata simu anabaki kusoma taarifa za robo mwaka zilizoandikwa na wengine.

#12 Kwetu_Uvira
Bandugu jambo. Miye niko Akron, natoka Uvira. Hii mambo ya kuandikishwa ni ya kweli kabisa, ilinipata.

Tulipofika hapa Kiingereza ilikuwa kidogo. Kijana alikuja mulangoni, kadi inaning'inia shingoni, anatabasamu, anasema anatoka kwa umeme. Anaomba kuona bili, eti ahakikishe tunapata punguzo. Nikamupa. Akaandika namba, nikaweka sahihi kwa kishikwambi chake. Miezi michache baadaye bei ya umeme ilipanda, na sikuelewa, maana kampuni ya nyaya ni ileile, jina juu ya karatasi ni lilelile. Mutoto wangu wa sekondari ndiye aliona: katikati ya bili kuna jina lingine, muuzaji, na karibu yake bei ya kulinganisha kwa kila uniti. Yetu ilikuwa juu sana ya ile.

Nilipiga simu kwa muuzaji, wananiambia kuna faini nikitoka. Sikujua kuna mutetezi. Kama ningejua, nani angenisikiliza, yeye ao ile tume?

#13 Wakili_wa_Kibarazani
Pole ndugu #12. Kwa sheria ilivyo, PUCO ndiyo ingepokea lalamiko lako.

Na kwa faida ya wengine: Ohio iliruhusu wauzaji wa umeme washindane kwa sheria ya 1999, ikaanza kufanya kazi Januari 2001. Kampuni ya nyaya inabaki moja, lakini umeme wenyewe unaweza kuununua kwa mwingine. Ndiyo maana bili ina sehemu mbili.

Halafu nikuongezee chumvi kwenye kidonda. Rudi 4911.02, aya ya (C). Inamtaka mtetezi afuate sera ya jimbo inayounga mkono ushindani wa gesi ya rejareja. Soma tena taratibu. Mtetezi akiamini ushindani huo unawaumiza wateja wa majumbani, sheria inamwambia afuate sera. Mimi hii naiona nzito kuliko ya simu, ila watu hawaioni kwa sababu haina kichekesho.

#14 Mama_Tumaini
Napita tu, ila #12 umenigusa. Dada yangu alifanyiwa hivyohivyo, yeye alikuwa anaelewa Kiingereza vizuri tu. Lugha si kinga.

#15 Hesabu_Kavu
Wakili, aya ya (C) inahusu gesi peke yake. Umeme haimo. Na sera ya jimbo imetungwa na wawakilishi waliochaguliwa. Ofisi ya umma kufuata sera ya umma si kashfa.

#16 Mchokozi_Halali
Hesabu_Kavu unafanya kazi kwenye kampuni ya gesi? Nauliza tu, usichukie.

#17 Hesabu_Kavu
Nafanya kazi ghala la mizigo, zamu ya usiku, nyumbani nina jiko la gesi. Inatosha?

#18 Mzee_Kumbukumbu
😂 Muacheni. Jukwaa bila mpinzani linalala.

Kuna jambo la tatu. Tusiifanye ofisi hii malaika. Mtetezi wa pili, Robert Tongren, alijiuzulu 2003. Ilibainika kwamba ofisi yake iliharibu nakala za ripoti ya wataalamu waliochunguza gharama ambazo FirstEnergy, kampuni ya umeme ya hapa Ohio, ilitaka kufidiwa na wateja wakati wa kuingia kwenye soko huria. Ripoti iliyofanywa kwa niaba ya wateja, wateja hawakuiona. Mwaka huohuo, tarehe 14 Agosti, umeme ukakatika kaskazini mashariki ya Marekani na Ontario, watu milioni 50 gizani, na chanzo kikaonekana ni nyaya za FirstEnergy hapahapa Ohio zilizogusa miti isiyokatwa. Mwaka mbaya ule.

Baada ya hapo, ukisema Bungeni "tuwapunguze hawa", nani angesimama kuwatetea kwa nguvu zote? Kwa hiyo sehemu ya majeraha walijitia wenyewe.

#19 BintiWaChesapeake
Mzee hapo ndipo tunapotofautiana. Mtu mmoja akikosea unamwondoa mtu. Hukati masikio ya ofisi.

#20 Dogo_Cleveland
Wakili uliahidi HB 6.

#21 Wakili_wa_Kibarazani
Kwanza 2011, maana bila hiyo HB 6 haieleweki.

Muswada wa bajeti wa mwaka huo, HB 153, chini ya Gavana John Kasich, ulikata fedha za OCC kutoka takriban dola milioni 8.5 kwa mwaka hadi milioni 5.6. Pendekezo la awali lilikuwa kali zaidi. Na hizi si fedha za kodi ya kawaida, ni ile tozo aliyoieleza #10. Kuzikata hakukujaza hazina ya jimbo hata senti ya maana. Kulipunguza wanasheria na wahasibu upande mmoja wa meza, upande wa pili ukabaki na mawakili wake wote. Janine Migden-Ostrander, aliyekuwa mtetezi tangu 2004, akaondoka mwaka huo, akaja Bruce Weston.

Na hapa angalia mbinu. Hakuna aliyeleta muswada unaoitwa "kuua OCC". Angeupeleka wapi? Mambo haya yanapenyezwa kwenye bajeti, kitabu cha maelfu ya kurasa kinachopigiwa kura kwa pamoja, na mbunge anayekataa anaonekana anakataa mishahara ya walimu.

Sasa 2019. HB 6 ikapita Julai. Iliwatoza wateja ili kuokoa mitambo miwili ya nyuklia, Perry na Davis-Besse, senti hadi 85 kwa mwezi kwa nyumba. Ikaongeza tozo nyingine, hadi dola moja na nusu kwa mwezi, kwa ajili ya mitambo miwili ya zamani ya makaa ya mawe. Mmoja uko Indiana! Mlipa bili wa Toledo akawa anachangia mtambo wa jimbo la jirani. OCC walipinga Bungeni, wakapuuzwa.

Julai 2020 Spika Larry Householder akakamatwa. Kumbe nyuma ya muswada kulikuwa na takriban dola milioni 60 za rushwa. FirstEnergy ikakubali 2021 kulipa dola milioni 230 ili mashtaka yasitishwe kwa masharti, na ikakiri kumlipa dola milioni 4.3 mtu ambaye muda mfupi baadaye akawa mwenyekiti wa PUCO. Mwenyekiti wa PUCO, wakuu. Ile inayopokea simu zenu. Householder alihukumiwa miaka 20 mwaka 2023.

#22 JiraniWaScioto
Hapo kwenye PUCO nimesimama kidogo nikazunguka sebuleni. Kwa hiyo kama mwaka 2019 ningekuwa na lalamiko kuhusu umeme, sheria ingelitoa mikononi mwa mtetezi na kulipeleka kwenye tume yenye mwenyekiti huyo.

#23 Hesabu_Kavu
Lalamiko la mita yako lingeshughulikiwa na wafanyakazi wa kawaida, si mwenyekiti. Tusichanganye.

Lakini nakubali HB 6 ilikuwa uoza. Ila tazameni: fungu la nyuklia lilifutwa 2021, na tozo ya makaa ikafutwa na HB 15 ya 2025. Bunge hilihili mnalolilaani ndilo lililofuta.

#24 Mchokozi_Halali
Miaka sita kufuta tozo ya mtambo wa Indiana. Kobe angekuwa ameshafika Indiana na kurudi.

#25 Mtu_wa_Tandale
Wakuu wa ughaibuni, mnaongea kana kwamba nyumbani hatuna kitu hicho. Tanzania tunalo: EWURA CCC, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Limo kwenye kifungu cha 30 cha Sheria ya EWURA ya 2001, Sura ya 414. Na kabla EWURA, yaani mdhibiti wa nishati na maji, haijabadili bei lazima ifanye taftishi, mkutano wa hadhara kabisa, kampuni inaeleza, baraza linajibu, wananchi wanauliza. Mfano mwishoni mwa 2013 TANESCO waliomba asilimia 155, wakapewa 39.

#26 Fundi_Mita
Mkuu #25 umechanganya miaka. Asilimia 155 ni ile ya mwaka 2011, EWURA ikaruhusu 40.29 kuanzia Januari 2012. Ya mwishoni mwa 2013 waliomba 67.87, wakapewa 39.19 kuanzia Januari 2014.

#27 Mtu_wa_Tandale
Fundi hajambo, anatembea na LUKU kichwani. Basi tuendelee na ile ya mwisho wa 2016: TANESCO waliomba 18.19, EWURA ikatangaza 8.53 ianze 1 Januari 2017. Taftishi ilifanyika, kila mtu alisema yake. Waziri akaisimamisha kabla haijaanza, na Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO siku hiyohiyo ya mwaka mpya. Wananchi tulishangilia. Lakini jiulize, utaratibu wote wa sheria ulikuwa na kazi gani pale?

#28 Fundi_Mita
Kazi yake ni kwamba mezani ilifika 8.53 na si 18.19. Aliyesimamisha alikuta nyongeza imeshapunguzwa zaidi ya nusu.

#29 Wanjiku_wa_Rongai
Hamjambo majirani. Huku Kenya haki za mtumiaji ziko kwenye Katiba yenyewe, ibara ya 46, na ushirikishwaji wa umma ndio wimbo wa taifa wa pili. Sheria ya Nishati ya 2019 ikatupa EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, na baraza la rufaa la nishati. Lakini mtu ambaye kazi yake pekee, kwa mshahara, ni kukaa upande wangu kwenye kesi ya bei, kama huyo wa Ohio? Hayo maoni tunajitolea sisi wenyewe, kila mtu na karatasi yake, na wale wa vyama vya wenye viwanda wanakuja na projekta.

Kwa hiyo nikiwasoma mnavyolia kuhusu simu, naona bado mna wakili wa bure.

#30 BintiWaChesapeake
Si wa bure dada, tumo kwenye tozo 😄 lakini nimekuelewa.

Tukirudi Ohio, kuna njia ya tatu ambayo Mzee #9 aliigusa bila kuitaja jina. Illinois mwaka 1983 waliunda Citizens Utility Board (CUB) kwa sheria, lakini ni chama: walipa bili wanajiunga, wanachangia, wanachagua bodi. Wakapewa haki ya kuweka vipeperushi ndani ya bahasha za bili za kampuni. Mwanachama anafungua bili, anakuta humohumo karatasi inayomwambia bili hii tunaipinga. Makampuni yalichukia. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya kampuni ya umeme na gesi PG&E ya California, ikasema kampuni haiwezi kulazimishwa kubeba maneno ya mpinzani kwenye bahasha yake. Illinois wakahamia kwenye bahasha za barua za serikali ya jimbo.

Ndiyo kusema hata chama cha wananchi kikiwepo, watakitafutia pa kukibana. CUB waliibana bahasha, OCC wakaibana simu.

#31 Mzee_Kumbukumbu
Binti, CUB hadi leo ipo na wanachama wanaipigia simu. Kwa hiyo hoja yangu bado iko hai.

#32 Wakili_wa_Kibarazani
Mnajadili simu, mimi naona jeraha kubwa haliko kwenye sheria ya OCC kabisa. Liko kwenye hukumu ya 1957, Keco, Mahakama ya Juu ya Ohio. Inasema ukishalipa bei iliyoidhinishwa na tume, hurudishiwi, hata kama baadaye mahakama itasema bei ile ilikuwa haramu.

Mfano: 2016 tume iliruhusu FirstEnergy itoze nyongeza iliyoitwa ya kuboresha mtandao. OCC na wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 2019 wakashinda, tozo ikafutwa. Zaidi ya dola milioni 400 zilizokwishakusanywa zikabaki kulekule. Mtetezi ameshinda kesi, mteja hana kitu. Hata akipewa kituo cha simu chenye watu elfu, Keco ikibaki atakuwa anawapigia watu kuwaambia "tumeshinda, pole".

#33 JiraniWaScioto
Hii ya Keco sikuijua kabisa. Asante. Ina maana kampuni ina kila sababu ya kuvuta kesi iwe ndefu.

#34 Hesabu_Kavu
Upande wa pili wake: kampuni nayo hairuhusiwi kurudi nyuma kudai ilitoza kidogo mno. Kanuni inakata huku na huku.

#35 Wakili_wa_Kibarazani
Inakata huku na huku ila nani huwa na mawakili wa kungoja?

#36 Mama_Tumaini
Nilisema napita ila nimebaki. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa hadhara wa kesi ya bei, ukumbi wa shule jioni. Nilidhani ni pa kupiga kelele. Unaitwa jina, unainua mkono unaapishwa, mbele kuna mama anaandika kila neno kwenye kile kimashine kidogo cha mahakamani. Mzee mmoja kabla yangu alisoma bili zake za Januari, mwaka hadi mwaka, bila kuongeza neno, akakaa. Wakili wa kampuni hakumuuliza swali. Zamu yangu ikafika sauti ikapotea, nikasema tu kwamba mimi nazima joto usiku watoto wakilala. Walikuwepo vijana wawili wa OCC nyuma, mmoja akaja akaniomba niandike barua pia kwa sababu inaingia kwenye faili la kesi.

Kwa hiyo masikio wanayo. Simu imefungwa, ukumbini wanakuja.

#37 Kwetu_Uvira
Mama #36, kule ukumbini mutu anaweza kusema na mukalimani? Kuna wazee wa kanisa yetu wanataka kwenda lakini Kiingereza hapana.

#38 Mama_Tumaini
Pale sikuona mkalimani, ila tangazo la mkutano lina namba ya kupiga mapema. Wapigie kabla ya siku, usingoje mlangoni. Na barua inaingia hata usipohudhuria, mtoto wako yule wa sekondari awaandikie.

#39 Mchokozi_Halali
Namba ya kupiga ni ya nani, PUCO? 😂

#40 Mama_Tumaini
Ndiyo, ya PUCO.

#41 Mtu_wa_Tandale
Kahawa ya #2 imeisha? Mwenye waraka wa EWURA kuhusu bei za maji vijijini auweke hapa, nafungua uzi wangu.